Mstari wa Fisi

Mama Mwiti,

Mwanao amenikataza nisikanyage kaburi lako. Ndiyo maana nakuandikia. Nilizoea kuja mwenyewe, unajua, nang'oa magugu, nakupa habari za kijiji, nakugombeza kidogo, halafu narudi kabla lango halijafungwa. Sasa siwezi. Na humu ndani siwezi kukuambia kitu kwa mdomo, nyumba zimebanana hata ukipiga chafya jirani anakuitikia. Karatasi haina sauti.

Usicheke mwandiko wangu. Nilijifunza kwenye lile darasa la akina mama, lile ulilokataa ukasema huwezi kukaa kwenye benchi kama mtoto na matako yako yote hayo. Mwalimu wetu alitoka mbali, hakujua Kimeru hata cha kuomba maji, akatufundisha kwa Kiswahili. Kwa hiyo nakuandikia kwa kile Kiswahili chetu cha kuuzia ndizi kule Meru mjini, kile ulichokuwa unamgombezea yule Mwislamu wa bucha: "Wewe weka nyama, huu mfupa mimi nakula nini?" Utaelewa. Usipoelewa mahali, ruka.

Nianze na habari njema, maana ndiyo uliyoingojea mpaka ukachoka. Mwiti amerudi. Ametoka kambini, kule serikali ilikowafungia watu wa msituni, akiwa hai. Meno yamepungua na anakohoa, na amekonda hata nilimjua kwa masikio. Masikio ni ya baba yake, hayo hayakukonda.

Na sasa nisikilize, maana hapa ndipo ilipoanza aibu yangu ambayo haijanitoka.

Yule mjukuu uliyeniachia, Kanana, ameng'oka meno ya mbele na ana maneno kukuzidi wewe. Siku hiyo alikuwa amekaa karibu na moto anapukuchua mahindi, anaimba. Anaimba nini? Ule wimbo. Watoto wote wa huku wanaimba huo huo, hawana mwingine. Mwiti akainama mlangoni, na kabla hajasema hodi mtoto akafika pale:

*Uliyekula makombo ya fisi,*
*usibishe mlangoni pangu.*

Hakujua ni baba yake. Angejuaje? Baba alipoingia msituni kupigana na serikali yeye alikuwa hata kukaa hajui. Nikasema, "Nyamaza!" Kanana akanitazama kwa macho yake makubwa. "Kwani nimekosea wapi, Nyanya?" Alidhani ameruka neno. Basi akaanza tena mwanzo, akauimba wote mpaka mwisho, sawasawa, vile nilivyomfundisha. Na baba yake amesimama pale pale, mkono kwenye mwimo wa mlango, anangoja. Alingoja kweli, Mama Mwiti. Mtoto alipomaliza ndipo akasema, "Hodi."

Wewe unajua ule wimbo ulitoka wapi, lakini acha nieleze, maana siku hizi hapa kila mtu anakumbuka lake. Sauti yake ni yako. Ulikuwa wimbo wako wa kuamia ndege kwenye mtama, tangu tukiwa wasichana, wewe juu ya dungu na kombeo lako, sisi wengine chini tunakuitikia. Tulipotolewa mashambani kwetu tukaletwa humu kijijini, tukaambiwa tukizungushie handaki, hedimani, mkubwa wetu wa kijiji, alikuja na karatasi ya ofisini. Wanawake waimbe wakichimba. Wasiimbe nyimbo zao, waimbe hizi. Akasoma: "Mtu wa msituni ni adui wa maendeleo na usalama wa wananchi." Mungu wangu! Unainuaje jembe kwa maneno kama hayo? Tulijaribu. Huyu ameinua, yule ameshusha, Karimi nusura anikate kidole cha mguu, na kila tukivurugika homgadi, askari wao wa kulinda kijiji, anatujia na fimbo.

Mimi nikaona wanawake watauawa na mistari mibaya. Nikachukua sauti yako ya ndege, maana pale ulipokuwa unarusha jiwe ndipo jembe linaposhuka. Nikayakatakata maneno ya ofisi. Nikatupa "maendeleo," nikatupa "usalama," nikaweka vitu ambavyo mtu anavijua: moshi, panga, mbwa, mtoto anayelia na njaa. Yakaingia. Majembe yakashuka pamoja. Fimbo ikapumzika. Na nilifurahi, sitakudanganya. Nilifurahi kama mtu aliyesuka kiondo kikakaa sawa. Wakati ule niliona nimeokoa migongo, sikufikiri zaidi. Lakini yale maneno yangeachwa vile yalivyotoka ofisini yangekufa yenyewe, nani angeyabeba nyumbani? Yalikuwa yanachechemea. Mimi ndiye niliyeyapa miguu.

Na wewe ulikuwa kando yangu, umenuna, unachimba. Nilikuwa nimeweka mstari wa mwisho, hata siukumbuki, kitu cha mtu asiye na kwao. Ukasema bila kuinua kichwa, "Hapo jembe linabaki juu." Kama kawaida yako! Huwezi kumwacha mtu akosee kwa raha yake. Nikakuambia, "Basi weka wewe, bingwa." Ukaweka. Ukaweka ule wa fisi. Handaki zima likakugeukia. Halafu Karimi akauchukua, na wote wakaitikia.

Ulikuwa na hasira na Mwiti. Nyumba yako ilichomwa kwa ajili yake. Mkewe alikufa uzazi, wiki chache baadaye yeye akaingia msituni, ukabaki wewe na kitoto kinachonyonya maziwa ya mbuzi kwenye kitambaa. Ulikuwa na haki yako. Na hayo maneno hayakuwa mapya mdomoni mwako, ulimwambia hivyo tangu mdogo akichelewa na mbuzi. Nilikuwa nakusikia kutoka kwangu: kaa huko ule makombo ya fisi, usinibishie mlango! Na kila siku ulimfungulia. Hasira ya mama ni ya jikoni, chakula kikiiva imekwisha. Lakini ile yako, watu wa ofisi walikuja na gari la spika, wakainasa kwenye mashine, wakaondoka nayo. Haikurudi jikoni tena.

Sauti ya kuongoza ilikuwa yangu. Kwa hiyo blanketi la zawadi walinipa mimi. Nilijifunika nalo, mimi na Kanana. Ulipopata kile kichomi kwenye mvua ndefu nilikufunika wewe, na ndilo ulilofia. Hukulikataa.

Mwiti alikaa kwangu siku kadhaa. Hakuongea sana. Alikula, akatengeneza mlango wangu, akamtazama mtoto wake kama mtu anayetazama mto asioujua kina. Kitu kimoja kilinikaa kooni: hakuuliza umelala wapi. Mtu anatoka kambini, anaambiwa mama yako alikufa, anasema "Nilisikia," anaendelea kula. Tukipita njia ya lango, ile inayoelekea makaburini, anageuza uso upande wa pili. Nikasema moyoni, huyu wamemharibu.

Na akitembea kijijini anatazama, na mimi nikaanza kuona vitu ambavyo nilikuwa nimeacha kuviona. Watoto wanacheza homgadi na watu wa msituni, na hakuna anayetaka kuwa wa msituni. Wanamlazimisha aliye mdogo kuliko wote, wanamfunga kwa kamba za migomba, analia, wanamwimbia. Mzee jirani amemwita mjukuu wake Afisa. Afisa! Kitoto chenyewe kina makamasi mpaka kidevuni. Mwanamke akijifungua siku hizi tunapiga vigelegele tukiwa tumefunika mdomo kwa leso, tusije tukaitwa kueleza kelele ni za nini. Zile nyimbo za mzazi, zile ndefu za kumtania baba ya mtoto, Karimi aliniuliza juzi zinaanzaje, nikafungua mdomo, ukatoka ule wa handaki. Tulicheka. Halafu tukaacha kucheka.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Tulikuwa tunachimba mashimo ya kahawa, mimi na yeye, upande wa Githongo kwenye kile kipande tulichopimiwa. Akasema, "Mama." Wakati huo bado alikuwa ananiita Mama. "Ule wimbo nilikutana nao kambini."

Nikaendelea kuchimba. Ningefanya nini?

"Walikuwa wanatupigia kwenye spika, asubuhi tukienda kuvunja mawe na jioni tukirudi. Mimi nilikuwa nimekataa kukiri. Wamenipiga, nimekataa. Wameninyima chakula, nimekataa. Nikasikia sauti yako. Nikasema, huyo ni Mama Kirimi, wamemlazimisha, si kitu. Halafu ikafika ile ya fisi." Akapangusa jasho ambalo halikuwepo. "Nikaenda ofisini kwao nikasema yote waliyotaka. Na ya watu wengine."

Akashika tena jembe lake. Halafu akaniuliza, "Ule mstari ni wa nani?"

Mama Mwiti, ungekuwa hapo ungesema nini? Wewe ungesema ukweli, najua, na kwa sauti kubwa. Na yeye angekufokea, na wewe ungemfokea, mngelia, ungempa ndizi za kuchoma, yangekwisha. Lakini ulikufa! Uliniachia mtoto, ukaniachia kikohozi chako kwenye blanketi, ukaniachia na hili swali la kujibu mimi. Ningemwambia, mama yako alikuwa na hasira tu? Nani angemthibitishia? Hasira ya mtu aliyekufa haina wa kuimaliza. Angebaki nayo upande mmoja mpaka azeeke, anageuza uso kila akipita lango.

Nikasema, "Ni wangu."

"Mama alikuwa ananiambia hivyo nikichelewa na mbuzi."

"Kwani sikuwa jirani? Nilimsikia. Nilimwibia."

"Na yeye alipousikia alifanya nini?"

"Alitupa jembe. Hakuuimba. Alichapwa kwa ajili hiyo, na hakuuimba."

Hapo nilikuongezea. Wewe hukutupa jembe, uliimba kuliko sisi sote, mishipa ya shingo imekutoka. Lakini mimi nikishaanza kushona siwezi kuacha tundu wazi. Hata huo uongo niliutunga vizuri. Ukakaa. Niliuona ukikaa usoni mwake.

Aliweka jembe chini polepole, akauliza umelala wapi. Nikamwonyesha. Akaenda, akakaa huko mpaka mbuzi wakarudi. Sijui mlisemezana nini, na sitaki kujua. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na uso umelegea, kama mtoto aliyelala vizuri. Akasimama mlangoni, hakuingia. Akasema, "Mama Kirimi." Si Mama tena. Mama Kirimi, kama anavyoniita hedimani. "Usikanyage pale kwa mama yangu. Na mtoto hatalala kwako."

Akamchukua. Wamepewa chumba upande wa pili wa kijiji, kwa baba yake mdogo. Kanana akiniona kwenye maji anaita "Nyanya!" halafu anavutwa mkono. Jana hakuita.

Ninavyokuambia haya nahukumiwa na pande zote. Kuna siku nasema, ule wimbo wetu ndio uliomtoa hai, maana wale waliokataa mpaka mwisho wengine hawajaonekana. Halafu nakumbuka alivyosema "na ya watu wengine," na sijui ni nani hao, na wana mama zao. Nimefikiri mpaka kichwa kikauma, sijapata pa kuweka mguu. Ofisi ilileta karatasi tu. Karatasi haikumfikia mwanao. Kilichomfikia ni mimi na wewe, vile tunavyojua kutunga, vile tusivyoweza kuona mstari umepinda tukaupita. Kama kuna kitu kimoja wale watu walikijua juu yetu, ni hicho.

Na kibaya zaidi nimefanya kama wao. Wanawake wa handaki walikusikia, si ndiyo? Wanajua mstari ni wako. Nikawaendea kwenye maji, nikawaambia, kuanzia leo ule wa fisi ulitoka kwangu, na Mama Mwiti alitupa jembe. Karimi akaweka mtungi chini akanitazama juu mpaka chini. "Na sisi tulikuwa wapi?"

"Mlikuwepo. Mlinisikia mimi."

"Haya, tulikusikia wewe," akasema. "Tumeshazoea kukumbuka tunachoambiwa." Wenzake wakacheka, akajitwika mtungi akaenda. Anaweka siri, usiogope. Lakini niliona aibu kwa jinsi ilivyokuwa rahisi. Sikuhitaji fimbo wala spika. Kizee mmoja na mdomo wake.

Ulinifundisha sauti ile nikiwa msichana, na mimi nikaivisha nguo za ofisi. Mwanao amekupata, sawa, lakini amempata mama ambaye mimi nimemtunga, mpole, aliyetupa jembe. Wewe hukuwa mpole hata siku moja! Ulikuwa mkali kama pilipili, na ulimpenda kwa ukali huo huo, na mimi nimeukwangua ukali wote ili apate pa kulilia. Nisamehe. Kama huwezi, basi usinisamehe, lakini ujue nilijua ninachofanya.

Hedimani amepita leo. Amenipongeza. "Nyanya, wimbo wako ulifanya kazi mpaka kambini!" Anataka Jumamosi tuuimbe tukichimba matuta, Disii, yule mzungu mkubwa wa wilaya, anakuja kutazama. Na wanaume wote wataitwa, hata waliorudi. Mwiti atakuwepo.

Nilitaka kusema koo limeharibika. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini nikafikiri: nikikaa kimya ataongoza mwingine, na akifika pale kwenye fisi atasita, na wanawake watamtupia mwanao jicho la huruma, na yeye si mjinga, ataelewa ulikuwa wa nani. Kwa hiyo nakuahidi hivi. Jumamosi nitaongoza mimi. Nikifika pale nitawanyamazisha wote kwa mkono, nitanyoosha shingo, nitauimba peke yangu mbele ya Disii na mbele yake, kwa majivuno yangu yote unayoyajua, kama mwenye mali. Anichukie vizuri. Na baada ya hapo, nikikutana na mwanamke anayejifungua, nitamtafutia ule wimbo wa mzazi mpaka niupate, hata kama ni mstari mmoja kwa mwaka, na nitamfundisha Karimi, maana yeye bado ana meno.

Lala sasa, Mama Mwiti. Hii karatasi nikimaliza naitia motoni. Na Jumamosi, huko uliko, utanisikia nikiuimba vibaya kuliko ulivyouweka wewe, nikivuta pale usipovuta. Niache. Kwa siku hiyo moja tu, tafadhali, usinisahihishe.

Mwenzako wa dungu,
Mama Kirimi